Pumzi ya Abah Jumhana

Maiti ilikuwa imeketi.

Hilo ndilo lililomsumbua Inspekta Koswara kabla ya jambo jingine lolote. Mtu aliyepigwa risasi huanguka. Abah Jumhana hakuanguka. Alikuwa ameketi chini ya kawung, mti wa jamii ya mnazi unaogemwa utomvu, mgongo kwenye shina, miguu ameikunja chini ya sarongi, na bunduki yake ya upepo imelala mapajani kama mtoto mchanga. Ukungu ulikuwa bado umejaa kwenye mianzi. Matone yalidondoka juu ya kofia yake nyeusi, na kila tone likishuka, kofia ilitikisika kidogo, kana kwamba mzee anaitikia jambo.

Nyuma ya sikio la kulia palikuwa na tundu dogo. Damu ilikuwa kidogo pia. Mdomo ulikuwa wazi, na haukuwa na jino hata moja.

"Kuna aliyemgusa?" Inspekta aliuliza.

"Nani amguse, Pak?" Sajini Engkus alijibu. Alikuwa amesimama mbali kuliko ilivyompasa. "Kijiji kizima kiko barabarani. Hakuna anayetaka kuingia humu. Hata mimi nilikuwa nakusubiri wewe."

"Unaogopa nini, Sajini?"

"Sijasema naogopa."

"Basi sogea uandike."

Engkus alisogea. Inspekta aliinama juu ya bega la marehemu, akavuta hewa puani. Akavuta tena. Ilikuwa harufu ya karafuu, wazi kabisa, imetulia kwenye ukosi wa shati na kwenye kitambaa alichojifunga Abah shingoni kwa ajili ya baridi. Katika bonde lote la Cihaseum hakuna mkarafuu hata mmoja.

Aliyeiona maiti alikuwa Bi Icah, mjane wa mgema Adung. Alikuwa amechutama ukingoni mwa mianzi, mzigo wake wa kuni kando, mikono ameificha ndani ya kanga.

"Ulimwona saa ngapi, Bi?"

"Kulikuwa hakujapambazuka vizuri. Na sikumwona, Pak. Nilimnusa."

"Ulimnusa Abah?"

"Nilimnusa mume wangu." Alisema bila kuinua macho. "Adung alianguka kutoka mti huuhuu. Alikuwa mtu wa sigara za karafuu, anapanda nayo mdomoni, anagema nayo mdomoni. Leo nimefika hapa, karafuu hiyo! Nikasema, 'Adung, umerudi?' Nikatazama chini. Abah amekaa palepale nilipomkuta Adung. Palepale, Pak. Hata kichwa kimelala upande uleule."

"Unafikiri nini kilitokea?"

"Adung amekuja kumchukua rafiki yake."

Engkus aliacha kuandika. "Mwulize kuhusu pampu," alinong'ona.

"Pampu gani?"

"Kila Alhamisi, jua likizama, kuna mtu anapampa bunduki humu," alisema Bi Icah. "Kreek, tak. Kreek, tak. Halafu fuu! Kisha kimya. Imeanza tangu Adung afe. Watu wanasema aliondoka bila kuvuta pumzi ya mwisho, sasa anaitafuta."

"Na jana ilikuwa Alhamisi."

"Jana ilikuwa Alhamisi," alisema Bi Icah.

Cihaseum ni kijiji cha bunduki za upepo. Nyumba mbili zikikaribiana, mojawapo ina karakana: hapa wanachonga vitako, pale wanasugua mitutu, kule wanakata ngozi za pampu na kuziloweka katika mafuta ya ng'ombe. Watoto hujifunza kupampa kabla ya kujifunza kuandika. Bunduki hizo ni za kuwindia kindi wanaotoboa nazi na ngawa wanaokuja kulamba utomvu wa kawung. Abah Jumhana ndiye aliyewafundisha mafundi wote wa maana. Kwa hiyo kumtafuta mwenye bunduki katika Cihaseum ni sawa na kumtafuta mwenye kisu sokoni.

Kituoni, Inspekta alielekeza bunduki ya marehemu kwenye gunia la mchanga na kuvuta kifyatuo. Ilitoa mlio mkubwa, madirisha yakatetemeka. Ilinuka mafuta ya ng'ombe tu.

"Ilikuwa imejaa," alisema. "Aliipampa, hakuwahi kuifyatua. Kwa hiyo hakujiua."

"Na pampu ya Alhamisi?"

"Alikuwa ni yeye, Sajini. Mzimu wenu ni huyu mzee."

Engkus alifikiri kidogo. "Wa jana, sawa. Na Alhamisi za nyuma?"

Inspekta aliirudisha bunduki mezani.

Daktari Wulan wa hospitali ya wilaya alimpigia simu mchana, kabla mwili haujarudishwa kwa mazishi.

"Risasi imepondeka kwenye mfupa," alisema. "Usitegemee kuilinganisha na mtutu wowote."

"Umbali?"

"Karibu sana. Aliyempiga angeweza kunyoosha mkono akamgusa."

"Na ile harufu? Muuaji alikuwa anavuta sigara?"

"Hapana. Hakuna majivu, hakuna moshi uliogandia kitambaa. Ni mafuta. Matone madogo sana, kama yaliyopulizwa. Mafuta ya karafuu, basi."

Lakini kijiji hakikumsubiri daktari. Kufikia jioni hiyo kila mtu alikuwa ameshamjua muuaji, naye alikuwa Sarip, mkwe wa Abah. Sandali yake ya kushoto ilikuwa imeokotwa kwenye mianzi. Alikuwa ameonekana akitoka humo mbio saa ya magharibi. Alikuwa amegombana na mzee mbele za watu. Na tena alivuta sigara za karafuu, moja ikizima anawasha nyingine. Polisi walimtoa nyumbani vijana wakirusha mawe kwenye mabati ya karakana yake.

Mkewe Entin, binti pekee wa Abah, alisimama mlangoni akishika tumbo. Tumbo lilikuwa limeshuka, siku za kujifungua zimekaribia. Baba yake alikuwa ndani ya sanda, mumewe ndani ya gari la polisi. Hakulia. Alimwambia Inspekta neno moja tu:

"Mtanibakishia nani?"

Mahojiano yalifanyika katika chumba chenye dirisha moja.

"Sandali hii ya nani?"

"Yangu."

"Uliiachaje pale?"

Sarip alitazama meza.

"Ulikuwa na ugomvi gani na mkweo?"

"Ule wa siku zote, Pak. Yeye anasema bunduki ikitosha kumwangusha kindi inatosha. Mimi nasema watu wa mjini wanataka itoboe ubao. Tunagombana asubuhi, jioni tunakula sahani moja. Muulize Entin."

"Ulifuata nini kwenye mianzi?"

"Ngawa."

"Ukampata?"

"Sikufika kwenye ngawa. Nilikimbia."

"Ulimkimbia nani?"

Sarip alinong'ona.

"Sema kwa sauti."

"Pampu! Niliikimbia pampu."

Engkus alicheka kwa pua. "Mwindaji mzima, ana masharubu!"

"Cheka, Sajini. Alhamisi ijayo nenda wewe ukasimame pale peke yako. Nami nitakuja kukuokotea sandali."

"Ulisikia nini?" Inspekta aliuliza. "Neno kwa neno."

"Kreek, tak. Kreek, tak. Mara nyingi. Kisha ikanyamaza. Kisha fuu, lakini si kubwa, Pak. Kama mtu anapuliza taa. Halafu miguu inakimbia."

"Miguu ya nani?"

"Nilidhani ni yangu."

"Pampu ilikuwa moja au mbili?"

"Moja. Mwenye kusikia mbili angekufa palepale."

Inspekta aliegemea kiti. Pampu moja, nayo ilikuwa ya Abah, na bunduki ya Abah haikufyatuliwa. Kwa hiyo ule mpulizo mdogo ulitoka kwenye bunduki nyingine, iliyoletwa pale ikiwa tayari na upepo ndani yake. Kama kijana alikuwa anasema kweli. Kama alikuwa anadanganya, basi alikuwa ametunga uongo mzuri mno kwa mtu aliyeshikwa na hofu.

Kabla Inspekta hajalala, mkuu wa polisi wa wilaya alimpigia simu. Siku ya tatu ya matanga ikipita, Sarip ahamishiwe mjini na jalada lipelekwe kwa mwendesha mashtaka. Watu wakitaka kuchoma karakana, alisema, ni afadhali mtuhumiwa awe mbali.

"Na kama siye?"

"Una mwingine?"



Kesho yake Inspekta alipekua karakana ya Abah. Katika sanduku la zana, chini ya vipande vya ngozi, alikuta chupa ndogo ya bluu. Akaifungua. Karafuu ikamrukia usoni.

"Hii ni ya nini?"

"Ya meno, nadhani," Entin alijibu. "Imekuwepo tangu mimi mdogo. Hakutaka tuiguse."

Inspekta aliirudisha chupa, moyo umemvunjika. Kumbe mafuta yalikuwa ya mzee mwenyewe. Labda alijipaka. Njia pekee iliyokuwa ikimtoa Sarip gerezani iliishia ndani ya sanduku la marehemu. Alikuwa amefika barabarani ndipo aliposimama ghafla. Dawa ya meno. Aliuona tena ule mdomo usio na jino, uliokuwa wazi kwenye ukungu.

Mchana alikwenda kwa Kang Sukria, mwanafunzi mkubwa wa Abah. Sukria alikuwa na karakana kubwa kuliko zote, sakafu ya saruji, wafanyakazi wanaosimama anapopita. Alikuwa mtu mpole, mwenye sauti ya chini. Kijiji kilimsifu kwa jambo moja hasa: tangu Adung afe, hakuna mwezi uliopita bila yeye kumpelekea Bi Icah gunia lake la mchele.

Alimkaribisha Inspekta kwa kahawa na mihogo ya kuchemsha.

"Sarip si mtu mbaya," alisema. "Ana haraka tu. Abah alimpa idhini mapema mno, kwa sababu ya binti."

"Idhini?"

Sukria alionyesha juu ya mlango. Bunduki ilining'inia pale, ya kizamani, kitako cha mti wa mjakaranda kimeng'aa.

"Bunduki ya kwanza uliyoitengeneza mwenyewe, kila kipande. Unampelekea Abah. Anaingia nayo chumbani, anafunga pazia, anaipampa mwenyewe hadi mwisho. Hakuna anayeruhusiwa kutazama. Akitoka, wewe ni fundi. Unaitundika, huifyatui tena. Pumzi ya mwalimu inakaa humo mpaka siku ya tatu ya kifo chake. Siku hiyo wanafunzi wanaiachia, ili asibaki duniani nusu nusu."

"Bunduki za hivyo ziko ngapi?"

"Waliobaki ni watatu. Mimi, Kang Ojo, na huyo mkwe."

"Na ikivuja kabla?"

Sukria alitabasamu. "Basi hukuwa fundi. Ni afadhali ukalime mpunga."

"Naweza kuigusa?"

"Gusa. Kidole kikae mbali na kifyatuo tu."

Inspekta alipitisha kidole juu ya mtutu. Kilirudi safi.

"Haina vumbi."

"Mke wangu ni mtu wa usafi, Pak. Usije ukamkamata kwa hilo."

Walicheka wote wawili. Nje, mfanyakazi mmoja alianza kupampa bunduki mpya. Kreek, tak. Kikombe cha Sukria kiligonga kisahani.

"Nimewaambia wasipampe mgeni akiwepo!" alipiga kelele. Ndiyo mara pekee Inspekta alipomsikia akipaza sauti.

Asubuhi ya siku ya tatu Entin alikuja kituoni kwa miguu.

"Leo ni kuachia pumzi," alisema. "Ya Sarip iko ukutani kwetu. Hakuna mwingine anayeruhusiwa kuifyatua."

"Mtuhumiwa hatoki, Teh Entin."

"Mnasema amemuua baba yangu. Sawa. Basi aje, amwachie. Mtoto huyu akizaliwa ataniuliza, nami sitaki kumwambia kwamba babu yake amefungiwa ndani ya bomba la shaba kwa sababu baba yake alikuwa na pingu."

Engkus alimtazama Inspekta. Inspekta alichukua funguo za gari.

Mikeka ilikuwa imetandikwa uani kwa Abah. Wali wa manjano ulikuwa umepangwa kama mlima mdogo, samaki wa chumvi pembeni, na hakuna aliyekula. Ukungu ulishuka mapema kutoka mlimani ukaziba mianzi yote, hata ua ukawa kama chumba kisicho na kuta. Sarip aliposhuka garini, watu walimpisha kama mtu mwenye ugonjwa.

"Muuaji na sandali zake mbili leo," mtu mmoja alisema nyuma.

Imamu alimaliza dua. Wanafunzi walisimama kwa mpangilio wa idhini zao. Sukria alikuwa wa kwanza. Aliielekeza bunduki juu, akafumba macho, akavuta.

Mlio ulipasua ua. Njiwa walitoka kwenye paa. Watu walishangilia kwa sauti ya chini.

"Miaka yote hiyo, bado ina nguvu!"

"Hiyo ndiyo kazi! Hiyo ndiyo kazi ya Abah!"

Sukria aliinamisha kichwa, akarudi mahali pake.

Kang Ojo, mzee mfupi mwenye mikono inayotetemeka, alikuwa wa pili. Bunduki yake haikulia. Ilipumua. Fuuu, taratibu, ndefu, kama mtu anayetua mzigo. Ojo aliona aibu, akataka kuomba radhi.

Kisha ikawafikia.

Ilishuka pamoja na ukungu, juu ya wali, juu ya mikeka, juu ya nyuso. Karafuu. Mama mmoja alimvuta mtoto wake kifuani. Imamu alianza kusoma tena, bila kuambiwa. Bi Icah alisimama, mkono mdomoni.

"Adung," alisema.

"Hapana, Bi," alisema Entin. "Huyo ni Abah."

Inspekta Koswara hakusogea. Mbele ya macho yake aliiona chupa ya bluu, pazia lililofungwa, ngozi ya pampu inayodondoshewa tone moja la karafuu kabla ya kupampwa. Mzee alikuwa ametia alama katika pumzi yake, na hakumwambia mtu. Yapulizwe mafuta hayo kwa karibu, yangekaa kwenye kitambaa cha shingoni, matone madogo sana. Lakini yapulizwe na bunduki gani? Zilikuwa tatu.

"Mfungueni mikono," alisema.

"Pak?" Engkus alishangaa.

"Mfungue. Teh Entin, lete bunduki yake."

Entin aliileta ameikumbatia juu ya tumbo. Alielewa. Wengi pale walikuwa wameshaelewa: kama bunduki hii ingelia bila harufu, au isingetoa kitu, basi pumzi yake ilikwisha chini ya mti wa kawung, na Sarip asingemwona mtoto wake akitembea. Sarip peke yake hakuwa ameelewa. Alikuwa akilia. Aliinua mtutu.

"Abah," alisema, "usiwe na hasira na mimi kuhusu zile za ubao."

Akavuta.

Fuuu.

Walisubiri. Ukungu ulisogea kidogo. Kisha karafuu ikashuka, nzito kuliko ya kwanza, na Entin akaketi chini palepale alipokuwa, akaanza kulia kwa mara ya kwanza tangu Ijumaa.

Inspekta aligeuka.

"Kang Sukria. Ya kwako haikunuka."

"Ya kwangu ni ya zamani kuliko zote, Pak. Harufu imekwisha."

"Harufu imekwisha, nguvu imebaki? Za wenzako zimepumua. Ya kwako imelia kama iliyopampwa juzi."

"Kila mtu na kazi yake. Yangu haivuji."

"Nilipitisha kidole juu yake, haina vumbi. Nimwite mkeo hapa aniambie aliifuta lini?"

Mke wa Sukria alikuwa kati ya wanawake, karibu na jungu la chai. "Mimi?" alisema, bado hajajua anachosema. "Mimi siigusi. Alinikataza tangu tuoane."

Sukria aliitazama bunduki yake, kisha akailaza chini kwenye mkeka, kwa uangalifu, kitako kwanza, kama walivyofundishwa wote.

"Ilikuwa pumzi ya nani uliyoiachia leo?" Inspekta aliuliza.

"Yangu," alisema Sukria. "Niliipampa mwenyewe, usiku uleule."

"Na ya Abah?"

"Abah aliipata." Aliketi. Ghafla alionekana mzee kuliko Ojo. "Alipita kwangu alasiri ile ya Alhamisi. Alisema kifua chake kimekwisha, hataiona Ramadhani. Alisema, 'Sukria, leo naenda kwa mara ya mwisho. Kesho baada ya sala ya Ijumaa nitasimama msikitini niseme.'"

"Aseme nini?"

Macho ya Sukria yalimtafuta Bi Icah, yakampata, yakakimbia.

"Mimi na Abah ndio tuliomwosha Adung," alisema Kang Ojo polepole. "Abah aliniambia nitoke nilete maji mengine. Niliporudi, alikuwa ameweka pamba nyuma ya sikio. Nikasema ni desturi."

"Kulikuwa na ukungu," alisema Sukria. "Kama huu. Kitu kilikuwa kinasogea juu ya kawung. Nilijua ni ngawa. Kila mtu angejua ni ngawa, Pak, ndiyo saa yake. Nilikuwa na bunduki mpya, ya nguvu, hakuna aliyewahi kutengeneza ya namna ile. Niliijaza mpaka mkono ukakataa. Nikapiga. Akaanguka mtu."

Bi Icah aliuondoa mkono mdomoni.

"Abah aliliona tundu, akajua. Bunduki ile niliivunja, vipande vyake nikavitupa mtoni. Alisema atanyamaza kwa sharti nimlishe mjane maisha yangu yote. Nimemlisha. Lakini yeye mwenyewe hakuweza kunyamaza. Kila Alhamisi alikwenda pale, akapampa, akamwachia Adung pumzi, kwa sababu Adung hakuwa na wa kumwachia. Mlisikia mzimu. Mimi nilijua ni Abah, na bado nilikuwa najifunika blanketi."

"Kwa nini bunduki ya idhini? Ulikuwa na karakana nzima."

"Abah alizijua bunduki zetu kwa mlio wa pampu. Ningepampa popote kijijini, angesema, 'Huyo Sukria, anakwenda wapi magharibi?' Nyumbani palikuwa na moja tu isiyohitaji kupampwa." Alifuta uso. "Alikuwa ameketi. Alinisikia nikija. Hakugeuka. Alisema tu, 'Unavyokanyaga kwa nguvu hivyo, ngawa wote watakimbia.' Ndipo nikavuta."

"Ukasikia harufu."

"Ilinipiga usoni. Karafuu." Alijisugua pua. "Sikujua chochote kuhusu mafuta, Pak. Naapa sikujua. Nilidhani ni Adung amesimama nyuma yangu. Nilikimbia mpaka nyumbani, nikaoga mara ngapi sijui, na bado ilikuwa puani. Leo Ojo alipofyatua ndipo nilipojua kwamba nimemuua mwalimu wangu kwa pumzi yake mwenyewe."

Engkus alikuja na pingu zilezile alizomvua Sarip. Zilikuwa bado na joto.

"Ngojeni," alisema Bi Icah.

Alikatiza mikeka, akasimama mbele ya Sukria. Alikuwa mwanamke mdogo. Hata Sukria akiwa ameketi, nyuso zao zilikaribiana.

"Alipoanguka alikuwa hai?"

"Bi, tuache..."

"Nimeula mchele wako miaka yote, Kang. Nimekuombea dua juu ya sahani. Nijibu. Alikuwa hai?"

"Alikuwa hai."

"Alisema kitu?"



"Sigara yake ilikuwa imeangukia kwenye majani makavu. Bado inawaka. Aliniambia, 'Kaka, nizimie hiyo, isije ikaunguza mianzi ya watu.'"

"Ukaizima?"

Matone yalianguka kwenye mianzi ya mbali.

"Sikuizima," alisema Sukria. "Nilikimbia. Nilipogeuka, moshi wake ulikuwa unanifuata."